Ugonjwa Mkuu na Hesabu Ifuatayo
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nyeri



Halmashauri ilitutaka tuseme machache baada ya kusomwa hesabu za mwaka, na neno la kusema ikatuachia tulichague wenyewe. Kwanza tulikusudia kusema juu ya utunzaji wa madaftari, ambao ndio kazi yetu. Lakini mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele alitwambia kwamba habari hiyo ameisikia kila mwaka, wala hajaona daftari hata moja lililokuwa safi zaidi kwa ajili yake. Basi tumeiacha. Leo twaomba ruhusa kusema juu ya ugonjwa wa Korona, na magonjwa makuu mengine yaliyoingia nchini mwetu kabla yake. Hatutasema kama waganga, maana si waganga. Tutasema kama makarani: baada ya wafu kuzikwa, hesabu ililetwa kwa nani, na iliandikwa kwa kanuni gani?

Yatupasa kukiri tangu mwanzo kwa nini tumechagua jambo hili. Katika jalada la barua za chama za mwaka 2020 imo nakala ya barua moja iliyoandikwa kwa mkono wetu sisi. Tutaifikia mbele.

Wazee wetu walikuwa na desturi ya kuyapa marika majina ya mambo yaliyotukia wakati wa kutahiriwa kwao, na kwa hiyo majina ya marika yamekuwa kama kitabu cha historia kwa watu wasiokuwa na kitabu. Limo rika la Mutung'u, yaani ndui, la miaka ya 1890. Mwisho wa karne ile ndui ilikuja tena, ikifuatana na ukame na njaa kubwa ya 1898 hata 1900, ile waliyoiita Ng'aragu ya Ruraya, maana yake njaa ya Ulaya. Upande wa Kiambu uliumizwa kuliko huku kwetu. Wengi waliokuwa na nguvu za kutembea walipanda kuja Murang'a na Nyeri kwa jamaa zao, wakaacha mashamba yao yaote magugu. Kwa kanuni ya mbari, shamba la namna hiyo halikuwa limetupwa. Mwenyewe alikuwa safarini, na siku ya kurudi angeling'oa magugu yake. Lakini mwaka 1902 ilitoka sheria ya ardhi ya Mfalme, na walowezi walipofika na kuona magugu, waliandika kwamba nchi haina mwenyewe. Nchi iliyofiwa ikahesabiwa kuwa nchi tupu. Mambo yaliyofuata kwa sababu ya hesabu ile mwayajua ninyi wazee kuliko sisi, na wengine wenu mliyajua msituni na katika vijiji vya kuzungushiwa handaki, kwa hiyo hatutayaeleza.

Twataka kukaa zaidi na mwaka 1918.

Vita Kuu vya kwanza vilikuwa vikiisha. Tangu mwaka 1914 nchi hii ilikuwa imetoa vijana wake kuchukua mizigo ya majeshi katika nchi ya Wajerumani, ambayo leo ni Tanzania bara. Na mwaka 1917 walikusanywa kwa wingi mno, mara nyingi kwa nguvu. Kikosi chao chakumbukwa kwa jina la Kariakor, ambalo ni jina la mtaa huko Nairobi, na Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao. Mwaka huo huo vijana wa misheni walikwenda chini ya Daktari Arthur wa Kikuyu. Wachukuzi wa nchi hii waliokufa walizidi 40,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, homa na chakula kisichowafaa. Waliosalia walikuwa wakirudi makwao hapo homa ya mafua ilipoingia Mombasa kwa meli, katika mwezi wa Septemba 1918, ikapanda gari la moshi pamoja na abiria wengine, ikafika kila mahali palipokuwa na njia.

Homa ile ilikuwa na tabia isiyo ya kawaida. Mafua ya siku zote huwachukua watoto wachanga na wakongwe. Yale yaliwachukua wenye nguvu, wa miaka 20 hata 40, wale wa kulima na wa kujenga. Hukadiriwa kwamba katika Kenya walikufa watu wapatao 150,000, na katika dunia yote kama milioni 50. Mvua nazo zilikosekana mwaka ule, na njaa ikafuata. Twaomba mlifikirie boma moja tu la Tetu au la Mathira mwanzoni mwa mwaka 1919: mwana mmoja hakurudi kutoka Kariakor, mwingine amerudi akafa kwa mafua, mbegu zimeliwa, na mjane anapalilia peke yake.

Sasa tazameni hesabu iliyoletwa katika boma hilo. Mwaka 1919 serikali ilianza kuwagawia mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na mashamba hayo yalihitaji watu wa kuyalima wakati ambapo watu wamepungua. Karani ye yote angedhani kwamba watu wakipungua mshahara utapanda. Haukupanda. Tarehe 23 Oktoba 1919 ilitoka barua ya serikali ya Gavana Northey, ikiwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kazini katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto pale ambapo shamba li karibu; na neno kuhimiza likitoka kwa chifu, ninyi wazee mwajua uzito wake. Kipande kikaanza kufungwa shingoni. Mwaka 1920 kodi ya nyumba ilipandishwa ikafika rupia 8. Kodi ile ilihesabu mapaa. Haikuuliza ni nani aliyesalia chini ya paa. Kisha rupia ikabadilishwa thamani, bei za mazao zikaanguka ulimwenguni kote, na mwaka 1921 walowezi wakapatana kuikata mishahara ya watu wao kwa theluthi moja.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Hatusemi kwamba mafua ndiyo yaliyomleta Harry Thuku. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, kabla ya homa, na tamaa ya ardhi ilikuwako tangu reli. Twasema hivi tu: kwamba mzigo ambao watu kumi wangeubeba wakinung'unika, waliachiwa watu wanane waubebe, na hao wanane walikuwa wametoka kuzika. Ndipo akatokea mtu ambaye hakuwa chifu wala mwenye shamba, bali karani wa simu katika Hazina ya serikali huko Nairobi (ndugu zetu makarani huwa hatuchoki kulitaja jambo hili), akakusanya watu mwaka 1921 juu ya mambo matatu ambayo hata mtoto aliyaelewa: kodi, kipande na mshahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walisimama mbele ya kituo cha polisi wakidai afunguliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawaaibisha wanaume waliotaka kurudi nyumbani, na bunduki zikalia. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa uhamishoni karibu miaka 9. Na kodi? Mwaka ule ule wa 1922 ilishushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Maana yake iliwezekana kushushwa. Iliwezekana mwaka 1919 pia.

Twaja sasa katika ugonjwa tulioushuhudia wenyewe.

Siku ya Ijumaa, tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, ambaye alikuwa Seneta wa kwanza wa Nyeri, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona ameonekana. Shule zilifungwa juma lililofuata, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Tarehe 27 Machi ilianza amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa, zikafungwa mpaka Julai. Mazishi yaliamriwa yasizidi watu 15, jambo ambalo katika chama kama hiki, ambacho kiliundwa hasa kwa ajili ya kuzikana, lilikuwa kama kuambiwa tuimbe bila sauti.

Kwa hesabu ya wafu, ugonjwa huu haukuwa kama ule wa 1918. Hesabu ya serikali kwa miaka yote ya Korona haikufika watu 6,000 katika nchi nzima, ingawa kila mmoja wao alikuwa na jina. Kilichokufa zaidi ni mwendo wa biashara. Watalii waliozidi milioni 2 mwaka 2019 walipungua wakawa kama 580,000 mwaka 2020. Na hoteli ya Treetops katika msitu wa Aberdare, ambamo Malkia Elizabeth alilala akiwa binti mfalme na kuamka akiwa malkia mwaka 1952, ilifunga milango yake mwaka 2021. Chai haikufa. Mvua ilikuwa njema, na nchi ilichuma kilo zaidi ya milioni 569, ambazo zilikuwa nyingi kuliko mwaka wo wote uliotangulia. Lakini mkulima wa Othaya aliyebeba kikapu kizito zaidi aliona bei imeshuka. Wenye kuumia kuliko wote walikuwa wale wanaoishi kwa mapato ya siku hiyo hiyo. Lori la viazi kutoka Karatina liliruhusiwa kuingia Nairobi, lakini mwenye viazi hakuruhusiwa kupanda matatu alifuate. Basi ilimpasa kumwuzia dalali kwa bei ya dalali, au kuviona vikichipuka guniani.

Serikali ilifanya mambo mema, na haki ni kuyataja. Tangu Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka 16 kwa mia hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato. Tena twataja kwa furaha fedha walizotuma watoto wetu walio ng'ambo. Wenye hekima ya uchumi walibashiri kwamba zitapungua. Badala yake zilipanda kutoka dola milioni 2,796 mwaka 2019 hadi milioni 3,094 mwaka 2020. Wauguzi waliokuwa wakilala na hofu huko Uingereza na Marekani walikaza mkanda wakatuma. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Lakini tazameni tarehe. Nafuu ya kodi ya ongezeko la thamani ilikwisha tarehe 1 Januari 2021. Amri ya kutotoka nje usiku haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Kwa miezi karibu 10 mwenye kioski alilipa kodi ya siku njema huku akifunga mlango mapema kwa amri ya siku mbaya. Na fedha za dharura nazo, hazikufika zote mahali pake: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliichunguza bohari ya dawa ya taifa, KEMSA, akaona kasoro katika matumizi ya shilingi bilioni 7.8. Juu ya hilo hatuna la kuongeza, ila kwamba mweka hazina wetu akipotewa na risiti ya shilingi 200 halali.

Tena kuna deni. Nchi tajiri ikipatwa na ugonjwa mkuu hukopa kwa fedha yake yenyewe na kwa riba ndogo. Nchi kama yetu hukopa kwa dola, na mkopeshaji akiona hali mbaya hupandisha riba, yaani ghala likiungua mwenye kuuza maji huongeza bei. Shirika la Fedha Duniani lilitukopesha dola milioni 739 mwezi wa Mei 2020, na Aprili 2021 likakubali mpango mwingine wa dola bilioni 2.34. Nchi kubwa ziliahidi kungojea madeni yao kwa muda, na Kenya ikaingia katika ahadi hiyo Januari 2021, baada ya kusitasita. Ilisitasita kwa sababu wenye hati za dhamana, ambao ndio wakopeshaji wa soko, hawakuahidi kungoja hata siku moja, na mwenye kuomba angojewe huandikwa jina baya. Zambia iliomba, ikakataliwa, ikashindwa kulipa Novemba 2020. Sisi tulilipa. Mkopo wa dola bilioni 2 tuliouchukua mwaka 2014 kwa riba ya 6.875 kwa mia ulikuwa ukomae Juni 2024, na ili kuupunguza tulikopa tena Februari 2024 kwa riba ya 9.75 kwa mia. Deni la taifa lilikuwa kama shilingi trilioni 5.8 katikati ya mwaka 2019. Katikati ya mwaka 2022 likafika kama trilioni 8.6. Tusiusingizie ugonjwa deni lote, maana reli mpya ilikwisha jengwa kwa mkopo kabla mtu ye yote hajasikia jina la Korona. Lakini ugonjwa ulitukuta tumeshainama.

Mnakumbuka yaliyofuata. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya magari ilipandishwa kutoka 8 kwa mia hadi 16. Mwaka 2024 ukaja Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni vijana wakajaa barabarani Nairobi na katika miji mingi, hapa Nyeri pia, wakaingia hata ndani ya Bunge. Makumi ya watu waliuawa. Kesho yake Rais alisema hatautia sahihi. Chama hiki si chama cha siasa, na hatulinganishi serikali na serikali: ile ya 1922 haikuchaguliwa na mtu ye yote wa hapa, hii ilichaguliwa, na wengi wetu tulipiga foleni kuichagua. Twalinganisha miaka tu. Toka homa ya 1918 hata kituo cha polisi cha 1922 ni miaka 4. Toka Korona ya 2020 hata Bunge la 2024 ni miaka 4. Huenda ni bahati tu ya tarakimu. Sisi twadhani ndio muda ambao hesabu huchukua kutoka meza ya mkubwa hadi mlango wa mdogo.

Bwana Mwenyekiti, twaona wazee wanatutazama kama wanaouliza, haya yatuhusu nini? Tumefika kwenye barua.

Kanuni ya chama yasema kwamba mwanachama asiyelipa ada kwa miezi 3 mfululizo jina lake litafutwa katika daftari, na jamaa yake hawatapata msaada wa mazishi. Ni kanuni njema. Bila hiyo chama kingekufa. Alikuwako mama mmoja wa chama hiki, mwuza viazi, ambaye alikuwa amelipa ada yake miaka mingi bila kukosa. Jina lake hatulitaji, ingawa wengi wenu mwamjua. Njia ya Nairobi ilipofungwa alikosa mwezi wa Aprili, na Mei, na Juni. Mwezi wa Julai tulifuta jina lake. Mwezi wa Septemba mume wake alifariki, kwa ugonjwa mwingine kabisa. Alikuja ofisini. Halmashauri iliketi, ikasoma kanuni, ikaona kwamba haina nafasi ya kufanya vingine, nasi tukaagizwa kuandika barua. Tuliiandika vizuri. Tuliweka tarehe, tukataja kifungu, tukamaliza kwa salamu za rambirambi, na tukajiona tumefanya kazi safi.

Watu 15 walimzika mume wake, na katika hao hakuna aliyetumwa na chama. Mwaka huo mfuko wetu wa mazishi ulibaki na fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu mazishi yalikuwa madogo; na hesabu ile iliposomwa hapa, tulipiga makofi. Kumbukumbu za mkutano zinaonyesha hivyo, nasi ndio tuliozitunza.

Basi tulipokuwa tukisoma habari za wakopeshaji wasiongoja hata siku moja, na za kodi iliyohesabu mapaa, tulitaka sana kuwakasirikia. Tulishindwa kuwakasirikia kwa moyo mmoja. Kanuni zao ziliandikwa kwa mwaka mwema, zikasomwa katika mwaka mbaya neno kwa neno, na msomaji alikuwa karani kama sisi.

Kwa hiyo, kwa idhini ya halmashauri, twaleta mbele ya mkutano huu pendekezo la kuongeza kifungu kimoja. Kwamba serikali ikitangaza ugonjwa mkuu, au njaa, au kuzuia watu kwenda sokoni, hesabu ya miezi 3 itasimama, na haitaanza tena mpaka miezi 6 ipite baada ya zuio kuondolewa. Kwamba sehemu moja katika kumi ya ada za kila mwaka itawekwa kando, isiguswe kwa sherehe wala kwa mikopo ya wanachama, hata mwanachama huyo akiwa mwenyekiti. Kwamba ada zilizokosekana katika muda huo zitalipwa kidogo kidogo, bila faini.

Mweka hazina amepinga sehemu ya tatu, na hoja yake ina nguvu: asema watakuwako watu watakaojificha nyuma ya ugonjwa. Ni kweli watakuwako. Tumejaribu kuwahesabu katika daftari la 2020, mwanachama kwa mwanachama, na kati ya wote tuliowafuta, yeye na sisi tuliweza kukubaliana juu ya mmoja tu. Mkutano utaamua.

Jambo la mwisho. Kifungu kikikubaliwa, tumeomba kianze kutumika tangu Machi 2020, ili majina yaliyofutwa mwaka ule yarudishwe, na msaada wa mazishi uliokataliwa ulipwe, ingawa umechelewa. Yule mama hatukumwalika leo, maana hatukutaka aketi hapa huku akipigiwa kura. Nakala ya barua tumeileta. Iko mezani mbele ya Bwana Mwenyekiti, na mwanachama ye yote anayetaka kuisoma kabla ya kuinua mkono, na aje aisome.